Mshenga Asiyetumwa

Mwanangu Zuhura,

Habari za koti, za kufunga mlango na za kula kabla ya kulala zimo kwenye ile karatasi ya mama yako. Ameibandika kwenye friji tangu Jumatatu, na leo ameiongezea mistari mitatu. Mimi huko simo. Canberra kuna baridi, utaiona mwenyewe, huna haja ya baba wa kukutangazia.

Naandika kwa mkono wangu. Unajua niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililikaa miaka miwili. Kiswahili chako cha kusoma nacho ni cha kuokoteza. Basi mimi naandika polepole, wewe utasoma polepole, tutafika pamoja. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, maana mdomo ndio kazi yangu, lakini ndio huo ninaouogopa. Mdomo wangu ukipewa habari huipamba. Kalamu inanichosha, haina nafasi ya mapambo.

Umekwenda Parramatta kuagana na wenzako, na mama yako amejilaza kabla ya zamu yake ya hospitali. Kwa hiyo nina saa mbili au tatu za kuwa mkweli.

Nikuambie kabisa, usije ukasoma ukidhani ni barua ya kuagana tu. Kwenye ile fomu yako ya kazi kuna swali nililokujibu uongo.

Unalikumbuka. Ulikaa pale jikoni na kompyuta yako, ukawa unasoma maswali ya wizara ya mambo ya nje moja moja na kuyageuza Kiswahili kwa ajili yangu. Babu alizaliwa wapi. Shangazi yuko wapi. Ukafika pale, ukasema, "Baba, kuna mtu yeyote wa familia amewahi kuwa na mazungumzo na maafisa wa serikali ya nje? Si habari za pasipoti na visa. Mazungumzo."

Nikasema, "Mimi na serikali wapi na wapi? Andika hapana."

"Una uhakika?"

"Mimi muuza nyama."

Ukacheka, ukabonyeza. Miezi imepita, wamekukubali, kesho unakwenda kuanza. Na ile hapana imekaa kule kwenye mashine yao kwa jina lako, si kwa jina langu.

Sasa nisikilize.

Unajua tangu utotoni kwamba hapa Sydney hajatokea mshenga kama mimi. Kuanzia Merrylands mpaka Blacktown nimepeleka posa kumi na nne, na ndoa zilizovunjika ni mbili tu, na hizo mbili walaumiwe wao wenyewe. Watanzania wamenituma, Wakenya wamenituma, hata Wakongo walinituma, na Kiswahili chao na changu havikukutana mpaka kwenye chai. Nilikuwa nakata nyama buchani Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumamosi navaa kanzu, nawekewa kiti cha mbele. Mtu aliyekatwa mshahara kwa kuchelewa dakika tano, Jumamosi wazee wanamsubiri yeye ndipo wakae. Hilo lilikuwa linanipendeza. Sitakudanganya tena, lilinipendeza sana.

Kazi ya mshenga ina ufundi wake. Huendi kusema kweli tupu, wala huendi kusema uongo. Unakwenda kumkuza mtu wako. Siku ile ya posa ya kijana mmoja dereva wa foklifti, nilisimama mbele ya baba wa binti nikasema, "Huyu mnamwona amekaa kimya, lakini akikohoa Blacktown yote inageuka. Vijana mia wanamfuata. Wazee wanamtaka ushauri."

Baba wa binti akamtazama kijana, akanitazama mimi. "Kama ni mkubwa hivyo, mbona amekuja na raba?"

"Mkubwa hahangaiki na viatu, Mzee mwenzangu."

"Na huyo kijana wa pembeni yake aliyesinzia, ni mmoja wa hao mia?"

"Huyo ndiye mlinzi wake. Jana alikesha."

Watu wakacheka, sahani ya kashata ikapita, posa ikakubaliwa. Kijana mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na minne na hajawahi kumshauri mtu hata njia ya kwenda stesheni. Kila aliyekuwa mle ndani alijua napamba, na kila mmoja kichwani mwake alipunguza nusu. Ndio utaratibu. Mshenga anaongeza, wenyeji wanapunguza, mnakutana katikati, mnakula.

Kwenye harusi ya kijana huyo alikuja afisa wa ubalozi wa nchi moja. Nchi hiyo sitaitaja, nitasema kule tu, na utaijua kwa sababu ni nchi aliyotoka Salome, jirani yetu, aliyekusuka nywele mpaka ukafika darasa la sita. Afisa huyo alikuwa kijana safi, suti imemkaa. Akaniinamia, "Shikamoo, Mzee wangu." Mwanangu, wewe hujui maana ya kusalimiwa hivyo katika mji ambao watoto wanakupita wameziba masikio kwa vidude vyao. Akasema ulimi wangu una asali. Akaniandikia namba yake.

Miezi michache baadaye Deo, mtoto wa Salome, akakamatwa kule.

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa shule, unakumbuka kidogo. Deo alikwenda kumwona bibi yake mgonjwa. Fundi wa viyoyozi, raia wa hapa kama wewe, hana neno na mtu. Akapiga picha daraja na simu yake, kwa sababu maji yalikuwa yamejaa na yeye hajayaona hivyo. Kumbe daraja lile lina askari. Wakamchukua na simu yake. Salome alikuja jikoni kwetu akakaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, akalia mpaka chai ikapoa. Mama yako alimshika mkono. Mimi nilisimama mlangoni, na kichwani nilikuwa nimeshavaa kanzu.

Salome alituambia siku ile kwamba watu wa serikali ya hapa wanashughulika, wamemwomba awe mtulivu, asizungumze na magazeti wala mtu wa ubalozi. Nikaona hawa hawajui. Wanapeleka barua kavu na barua haina uso. Mambo ya watu wawili waliogombana huwekwa mtu wa tatu katikati, na mtu wa tatu hodari kuliko wote katika mji huu alikuwa amesimama mlangoni. Nikampigia simu yule afisa.

Tukakutana Parramatta, kwenye mgahawa karibu na kivuko. Nilivaa kanzu ya Idi. Akaniagizia chai.

"Nimekuja kwa ajili ya kijana wetu, Deo," nikamwambia.

"Umekuja kwa niaba ya nani, Mzee wangu?"

Swali hilo, Zuhura. Limenirudia kila mwaka. Kwenye posa ukiulizwa hivyo unasema wazee wamenituma, hata kama aliyekutuma ni mama wa kijana peke yake na baba hajaambiwa. Ni lugha ya mlango tu. Nikasema, "Nimetumwa na wazee. Na serikali yetu ya hapa inajua."

Serikali ya hapa haikujua hata kama ninapumua.

Akatoa kijitabu. Hapo ningepaswa kusimama, kwa sababu kwenye posa haandiki mtu. Lakini nilifurahi kuandikwa. Mimi wa darasa la nne, nasema na msomi anaandika. Basi nikamsifu Deo. Nikamsifu kama ninavyomsifu bwana harusi. Nikasema huyu si mtu wa kupuuzwa. Akikohoa, Blacktown inageuka. Vijana mia wanamfuata. Wakubwa wa hapa hawalali kwa ajili yake. Mkimwachia, serikali yetu itawaheshimu na itajua namna ya kushukuru.

"Vijana mia," akasema, kalamu inatembea.

"Mia kwa uchache."

Nilirudi kwenye treni nimekaa kama waziri. Mama yako akanikuta mlangoni. "Umetoka wapi na kanzu ya Idi, na leo Jumanne?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Watu wakubwa."

"Haya, mtu wa wakubwa, pipa la taka limejaa."

Baada ya wiki mbili hivi akaja kwetu yule mama wa wizara. Mfupi, viatu vya kutembelea, nywele za kijivu. Alikuwa anapita kwa majirani wa Salome mmoja mmoja. Mkalimani aliyepaswa kuwa kwenye simu hakupatikana, na wewe ulikuwa umerudi shule, begi bado mgongoni. Ukamtafsiria.

Alisema mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, halafu yakageuka ghafla. Kule walikuwa karibu kumwachia kijana, sasa wanamwita kiongozi. Akauliza kama kuna mtu wa hapa aliyezungumza nao. Akasema, na wewe ndiye uliyenigeuzia maneno yake, "Hatumtafuti mtu wa kumkamata. Tunataka kujua nini kilisemwa, ili tukisahihishe."

Nikakutazama wewe. Ulikuwa unanitazama kwa macho yale ya kujivunia baba. Ulikuwa umezoea kunitafsiria kwa daktari na benki, na leo umepata mgeni mwenye maana. Nikasema, "Mwambie hapana. Sijui kitu."

Ukamwambia. Kwa Kiingereza chako kizuri, bila kukwama.

Alipoondoka ulisema unataka kazi kama yake. Nikasema vizuri, soma. Nikaenda kuoga, nikafungua maji, nikakaa tu pembeni ya beseni bila kuvua nguo.

Deo alikaa kule miezi saba zaidi. Sijui ni mingapi kati ya hiyo saba ni yangu, hilo ni jambo ninalotamani kulijua na hakuna wa kunipimia. Aliporudi Salome alipika pilau, watu wakajaa mpaka kwenye ngazi. Deo alikuwa amekonda, lakini anacheka, na watu walimtaka asimulie. Akasema kila siku walimwuliza swali moja. "Taja vijana mia. Wale mia ni akina nani?" Akasema, "Mimi nina ngazi na sanduku la spana, vijana mia nitawatoa wapi? Mwisho nikaanza kuwatajia timu za mpira, wachezaji na akiba." Watu wakacheka. Mkono wangu ulikuwa kwenye sahani, umeshika tonge, na tonge halikupanda.

Tangu hapo sijapeleka posa. Watu wanadhani ni magoti.

Nakusimulia haya yote, na bado nina udadisi ambao haujaniisha. Kwa nini sheria imfunge mtu mdomo? Ulipopata kazi nilikwenda kwa wakili mmoja Parramatta, dada wa Kikenya, anasema haraka kama anafukuzwa. Nilimwambia nina rafiki aliyefanya jambo. Akasema, "Sawa Mzee, niambie huyo rafiki amevaa kofia ya rangi gani." Nikavua kofia, nikamweleza yote.

Akaniambia hapa hakuna sheria inayomkataza raia kusema tu na serikali ya nje. Iliyopo inamtaka mtu anayefanya kazi kwa ajili ya serikali ya nje ajiandikishe, ijulikane amesimama wapi. Na ipo nyingine, kali, ya wanaofanya kwa siri na kwa hila. Akaniuliza kama kule walinilipa au walinituma. Nikasema chai tu. Akasema basi siyo hizo.

"Sasa mimi nilikuwa namwakilisha nani?" nikamwuliza.

"Hapo ndipo penye matata, Mzee. Hukuwa wa kule, hukuwa wa hapa, na mama wa kijana hakukutuma."

Akaniambia Marekani wanayo sheria ya kale sana, tangu zama za farasi, kwamba raia asiende kupatana na serikali ya nje juu ya ugomvi wa nchi yake bila ruhusa. Eti aliyeisababisha ni bwana mmoja aliyepanda meli kwa nauli yake kwenda Ulaya kuzuia vita.

Nikasogeza kiti. "Alifaulu?"

"Wapo wanaosema alisaidia."

"Halafu wakamtungia sheria?"

"Wakaitunga baada yake."

"Na wamewafunga wangapi?"

"Kwa ninavyojua, hakuna hata mmoja."

"Miaka yote hiyo?"

"Iko tu pale. Watu wakigombana wanaonyeshana."

Kama mbwa wa Mgiriki wa nyumba ya pili, mwanangu, anayebweka tangu tumehamia na meno hana. Nilirudi nyumbani namfikiria yule bwana wa meli. Nilitaka kujua alivaa nini. Nilitaka kujua kama mkewe alimwuliza ametoka wapi. Yeye alikwenda kuzuia vita na mimi nilikwenda kumtoa fundi wa viyoyozi, na wote wawili tuliona barua za wakubwa hazina uso. Ukipata nafasi huko uendako nitafutie habari zake. Nataka kujua kama alimsifu mtu.

Maana hapo ndipo nilipoelewa, na nimeelewa kwa kufikiri mwenyewe, hakunifundisha wakili. Yule mama wa viatu vya kutembelea na wenzake walikuwa na kazi moja kwa wiki zote zile. Walikuwa wanamfanya Deo mdogo. Fundi, mjukuu, kijana wa kupiga picha ovyo, hana maana kwenu, mrudisheni kwa bibi yake. Wanampunguza kidogo kidogo mpaka apite kwenye tundu la mlango. Mimi nikaja na kanzu, nikamkuza. Na kule hawakupunguza nusu, kwa sababu wao si wakwe. Wao wakiandika mia, ni mia.

Mtu wa pembeni anaweza kuwa na ulimi mzuri kuliko wenye kazi, na mimi ninao, hilo sitalirudisha. Lakini hajui nini kimeshasemwa chumba cha pili. Bado naamini wangenijia mapema wakanieleza mpango wao, ningemfanya Deo mdogo kuliko walivyoweza wao. Ningemfanya punje. Hawakunijia, na wala sikuwauliza. Nilimwambia wakili hivyo, akasema, "Mzee, hata leo unaomba kazi?" Nikamwambia niko huru Jumamosi.

Lakini kosa la mdomo, Zuhura, lingesamehewa siku ile ile. Yule mama alikuja mpaka kwenye kiti chetu kibovu kuniomba dawa, na dawa ilikuwa sentensi moja. "Nilisema mimi, nilipamba, si kweli." Angeandika, angepeleka, pengine Deo angerudi kabla ya mwezi kuisha. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unanitazama. Nilichagua uso wangu machoni mwako, nikakulipisha wewe, maana uongo ule ulipita kinywani mwako ukiwa na begi la shule. Na mwaka huu ukapita kwenye vidole vyako. Mara mbili nimekutuma bila kukuambia umebeba nini. Mjumbe anatakiwa kujua alichobeba. Hiyo ni sheria ya kwetu, ya zamani kuliko ya Marekani, na mimi mwenyewe nimewafundisha wenzangu.

Mama yako nilimwambia jana. Tangu jana amesema nami mara moja, nisogeze kiti.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Salome. Sikutuma mtu, na sikuvaa kanzu. Alikuwa anachambua mchicha. Akaniwekea kiti, nikakataa kukaa, nikamwambia nikiwa nimesimama. Sikupamba. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa, mambo ya miaka sita yakaisha kabla hajafika nusu ya fungu.

Akaendelea na mchicha. Halafu akauliza, "Nani alikutuma, Baba Zuhura?"

"Ulilia."

"Nililia. Kulia si kutuma."

Akachukua shina jingine la mchicha.

"Umekuja leo kwa sababu ya fomu ya Zuhura."

"Ndiyo."

"Isingekuwa fomu, ungekufa nayo."

"Ndiyo."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hilo angalau hukulitia nakshi."

Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Deo mpaka leo anaamini alijiponza mwenyewe. Anadhani usiku wa kwanza kule, kwa hofu na usingizi, alijisifu mbele ya askari ili wamwogope, na hakumbuki. Ana miaka sita anajitafuta kichwani, amewatajia vijana mia saa ngapi. Ndiyo maana hataki kuoa, Salome anasema, mtu asiyeamini mdomo wake atamwahidi nini mke. Nilimwomba yeye amfikishie Deo habari hii. Akasema, "Hapana. Nenda Blacktown kwa miguu yako. Mimi si mshenga wako." Deo anapumzika Jumapili. Nitapanda treni ya asubuhi.

Hakusema amenisamehe. Alinifungia mchicha kwenye gazeti, akasema ni wa Zuhura, ale kabla ya safari. Umo kwenye friji, nyuma ya maziwa. Usiniulize maana yake, mimi mwenyewe nimeutazama sana.

Sasa lako. Wakili anasema kosa ukilisema mwenyewe ni jambo moja, na wakiligundua wao ni jambo jingine kabisa. Anasema pengine watakuchelewesha, pengine watakuuliza mengi, pengine hawatakupa ile kazi. Hakutaka kuniahidi, na nimemheshimu kwa hilo. Najua ulivyoitafuta kazi hii. Najua uliacha kwenda kwenye harusi ya rafiki yako kwa ajili ya mtihani wao. Ukinichukia kwa miaka kadhaa nitaelewa, ila usinichukie kwa Kiingereza, maana sitakufuata.

Sikuambii ufanye nini. Nimewasemea watu maisha yangu yote, na la kwako sitakusemea. Nakuambia tu nilipo mimi. Nimeandika maelezo yangu kwenye karatasi nyingine, wakili ameyageuza Kiingereza, nimetia sahihi kila ukurasa. Yamo ndani ya bahasha hii. Yamesema nani, lini, mgahawa gani, na maneno gani, hata yale ya kukohoa, na wakili aliniambia hayo ya kukohoa hayana haja, nikamwambia yabaki. Yamesema pia kwamba wewe hukujua, mara zote mbili. Ukitaka kuyachana, yachane, sitakuuliza. Ukitaka kuwapeleka kwangu, nipo. Wakinitaka Canberra nitakuja, na wakitaka mkalimani waniletee wao. Asiwe wewe.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako kabla hujarudi, kwa sababu ukisafiri nayo bila kuisoma, utakula kiapo chao ukiwa na maneno yangu mabaya mfukoni.

Treni yako ya kesho ni saa tano asubuhi. Ile ofisi ya fomu, nimemwuliza wakili, inaanza kupokea simu saa tatu. Kuanzia hapo nitakuwa jikoni, nimeshavaa viatu.

Baba yako,
Hamisi